Ua Chini ya Masizi

Miaka thelathini mchoma nyama alikataa wavu wake kuoshwa. "Utamu uko kwenye masizi," alisema, na wateja wakaitikia kwa vichwa huku wakilamba vidole. Wakambatiza Babu Masizi, jina likamkaa kama kofia.

Siku zote mama mkwe alipelekewa nyama kwake. Leo alisema atakuja kuila pale inapochomwa. Basi kufumba na kufumbua, mke wa Babu Masizi alishauzamisha wavu kwenye karai la maji ya moto, sabuni na majivu.

"Utautoa utamu wote, mama watoto!"

"Mama yangu hali masizi."

"Niachie mimi, nitausugua kidogo tu."

"Hausuguliwi, unalowekwa. Maji ni mtumishi anayefanya kazi amelala. Kaa!"

Hakukaa. Alilizunguka karai kama kuku anayetafuta pa kutaga. Chini ya masizi yale kulikuwa na siri yake, na mwenye kuibiwa ndiye anayekuja kula! Maji yakawa meusi tii, mafuta yakaelea, magamba ya miaka yakabanduka yenyewe. Saa sita mkewe akauinua wavu, akapitisha brashi mara mbili. Katikati ya nondo likachomoza ua la chuma, petali sita.

"Jamani, kumbe una ua!"

"Hodi wenyewe!" Mama mkwe huyo, na mkongojo wake. Akalitazama ua. Akalitazama tena. Akaketi polepole.

"Kitendawili!"

"Tega," mkwewe akajibu.

"Dirisha langu halina nyumba, laota moto, halioni jua."

"Kigumu hicho, mama," binti akacheka. "Nipe mji."

"Leo mji sipokei. Ajibu mwenye jiko."

Babu Masizi angeweza kumsingizia fundi, kwamba ndiye aliyemuuzia. Akapiga magoti.

"Ni wavu wangu, mama. Niliung'oa mimi dirishani kwako. Sikuwa na jiko la kutafutia mahari, na nilitaka kumwoa binti yako."

"Na mimi nikaziba dirisha kwa ubao miaka yote hiyo, nikimlaani jirani!"

Kisha kicheko kikamtoka bibi kizee, kikamtikisa hata mkongojo ukaanguka.

"Ulibeba dirisha, ukabeba na binti! Binti nilikusamehe siku ya harusi. Dirisha utalilipa kwa paja la mbuzi, tena lichomwe juu ya ua langu nikiliona."

Paja likachomwa. Bibi akala, akalamba vidole vyote vitano.

"Tamu hii," akasema. "Na yale masizi ya utamu yako wapi, baba?"