Nyasi za Mradi

Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa na gari, na nyumba yake ilikuwa hatua mia mbili kutoka ofisini. Kila asubuhi aliliwasha gari, akaliacha lingurume kidogo ili majirani wajue ameamka, akaenda hatua zake mia mbili na kuegesha kivulini. Huyo ndiye aliyepewa jukumu la kuwafundisha watoto faida za kutembea.

Mradi ulitoka chuo kikuu. Ulikuwa na jina refu ambalo hata waliolitunga walilisoma kwenye karatasi. Kwa ufupi, shule sita zingepewa uwanja mzuri na kipindi cha mazoezi kila siku, shule nyingine sita zingeachwa vilevile kwa ajili ya kulinganisha, na watoto wote wangepimwa uzito mwanzoni na mwishoni mwa mwaka ili ionekane kama kukimbia kunazuia unene. Mtafiti mkuu alikuwa daktari wa vitabu, si wa wagonjwa. Alikuwa mtu wa sauti ya upole, aliyeweza kuzungumza saa nzima kuhusu watoto bila kumtazama hata mmoja.

Aliyetumwa kuwatazama alikuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, mwanamke wa makamo ambaye kila mtu alimwita Sista. Miaka kumi na tisa alikuwa akipima vichanga, na mradi ulimwazima kwa mwaka mmoja. Kila Jumanne na Alhamisi alikaa kwenye benchi kipindi kizima cha mazoezi, akachagua watoto watano kwa kura, na kila dakika akaandika herufi moja kwa kila mtoto: K kwa aliyekaa, S kwa aliyesimama, T kwa anayetembea, M kwa aliye mbioni. Ilikuwa kazi rahisi. Ubaya wake ni kwamba mwalimu mkuu alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe.

Nyasi zilikuja kwa lori, zimekunjwa kama mikeka. Zilipotandazwa na kumwagiwa maji, shemeji mtu alizitazama kwa macho ambayo mkewe hajawahi kutazamwa nayo. Siku hiyohiyo akazizungushia kamba na kusimika kibao cha kuwakataza watu wasizikanyage. Kengele ya mazoezi ilipolia, watoto walitoka darasani, wakakaa kwenye ukuta mfupi wa baraza, wakaziangalia nyasi zao.

Sista aliandika K. Aliandika K wiki ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Kisha akamfuata shemeji yake ofisini.

"Shemeji, hawa watoto watakimbia lini?"

"Wageni wakishafika. Wafadhili wanakuja kuuzindua uwanja. Unataka wakute vumbi?"

"Na wanafika lini?"

"Tarehe haijatoka."

"Kipindi chao cha mazoezi kinapita bure."

"Shemeji yangu, wewe andika. Mambo ya uwanja niachie mimi."

Akaandika. Mwisho wa wiki ya tano fomu zake zilikuwa K tupu, isipokuwa T chache za msichana mmoja aliyeomba ruhusa ya kwenda chooni, akaenda na kurudi. Msichana huyohuyo, aliyeambiwa kwa barua ya mradi kwamba ana uzito uliopitiliza na anapaswa kujishughulisha zaidi, alimsogelea Sista siku moja.

"Sista, tukikaa vizuri tunapewa alama ngapi?"

Sista akaifunika fomu yake kwa kiganja. Ile barua alikuwa ameigawa yeye kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki iliyofuata mtafiti mkuu akapiga simu.

"Fomu zako zina hitilafu kidogo."

"Hazina. Watoto wamekaa."

"Wote?"

"Wote."

"Dakika zote?"

"Kuna mmoja alikwenda chooni."

"Hebu zipitie tena," mtafiti akasema, "kwa jicho la mradi."

Sista alikuwa na macho mawili tu, na hilo la mradi halikuwamo. Jioni alimsimulia mumewe wakinywa chai. Mumewe alikuwa mtu mwema, ila mbele ya kaka yake aligeuka kitambaa cha kufutia meza.

"Kaka ni kaka, mke wangu. Weka M mbili tatu, dunia haitaanguka."

"Kule kliniki ningemwandikia mtoto aliyekonda kilo asizonazo, mama yake akarudi nyumbani anafurahi, ungesemaje?"

Mumewe akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Hatimaye wageni wakapata tarehe. Turubai lilifungwa katikati ya uwanja, na miguu ya viti ikazama kwenye nyasi. Watoto, kwa kuwa uwanja ulikuwa na wageni, walionyesha mazoezi yao kwenye maegesho ya magari: dakika kumi na mbili za kunyoosha mikono juu na kuishusha. Wageni walipiga makofi wakiwa wamekaa. Mwalimu mkuu akashika kipaza sauti, akasema katika shule yake mtoto hajui kukaa, na kwamba yeye mwenyewe huwa mfano.

Mgeni mkuu alikuwa mama mmoja mtaratibu ambaye hadi hapo hakuwa amesema neno. Akauliza kama anaweza kumsikia yule anayewatazama watoto kila wiki. Mtafiti mkuu akamkonyeza Sista, maana yake sema mawili mazuri ukae.

Sista akatoa fomu kwenye mkoba. Akaishikilia kwa mikono miwili.

"Hii ni ya Alhamisi iliyopita," akasema. "Mtoto wa kwanza. Dakika ya kwanza, amekaa. Ya pili, amekaa. Ya tatu, amekaa."

Hakuruka hata dakika moja. Kwenye ya kumi watoto wakaanza kucheka chini chini. Kwenye ya ishirini walikuwa wakiitikia pamoja naye, amekaa, kama wanakariri jedwali la hesabu. Walimu walitazama viatu vyao. Alipofika thelathini akaishusha fomu.

"Na mtoto wa pili?" akauliza yule mama.

"Amekaa."

Wageni walipoondoka, shemeji alimvizia langoni, jasho likimtiririka.

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Nimesoma nilichoandika, shemeji. Wewe ndiye uliyeniambia niandike."

Mtu mwingine angeona aibu. Mtafiti mkuu aliona suluhisho. Kesho yake akatuma barua: kwa kuwa watoto wa shule ile hawakufanya mazoezi, kitaalamu haikuwa shule ya mradi, na tangu siku hiyo ilihesabiwa pamoja na shule za kulinganishia. Sista akampigia simu kumkumbusha kwamba uwanja wanao. Akajibiwa kwamba nyasi si mazoezi, na hilo ndilo jambo la kwanza la kweli alilowahi kulisikia kutoka kwa mtu yule.

Basi shule ikatoka kwenye mradi, na wageni wakawa hawana sababu ya kurudi. Penzi la mwalimu mkuu kwa nyasi likaisha siku ileile. Hakufungua uwanja, aliacha tu kuulinda. Kamba ikachukuliwa na mpishi kwenda kuanikia nguo, kibao kikawa goli, na watoto wakamiminika. Wiki ya pili katikati palikuwa na kipara. Yule msichana wa barua alionekana kuwa na shuti kali kuliko wavulana wote, na waliokuwa wakimwita kwa jina la uzito wake wakaanza kugombania kuwa upande wake. Sista, maana hata shule za kulinganishia zilitazamwa, aliandika M hadi mkono ukamuuma. Siku nyingine alijikuta anatabasamu peke yake, akainamisha kichwa, kwa sababu mtazamaji hatakiwi kuwa na upande.

Mwisho wa mwaka hesabu zikajumlishwa. Shule ile iliyopaswa kukaa ilikuwa imekimbia kuliko shule zote tano za mradi, ambako nako nyasi zilikuwa bado ndani ya kamba zikisubiri wafadhili. Mtafiti mkuu akaisoma hesabu mara mbili, akaona inaharibu picha, akaitoa shule ile kwenye utafiti kabisa. Ripoti ikachapishwa na shule kumi na moja, karatasi nzuri, jalada la rangi. Hitimisho lake lilisema utafiti zaidi unahitajika, na nyasi zaidi.

Sista alirudi kliniki kwenye mizani yake. Shemeji alimnunia kwa miezi miwili, kisha siku moja akaja kwao chakula cha mchana, mchangamfu kupita kiasi. Wakubwa wa elimu, waliosikia habari za watoto wale wa mbioni, walikuwa wameanza kuuliza ni nani aliyebuni wazo la kuwaachia watoto uwanja wazi, na yeye alikuwa ameshawaambia ni nani.

"Sasa shemeji," akasema akijipakulia mara ya pili, "ungenitafutia zile fomu zako. Zinazoonyesha watoto wangu walivyokuwa wakikimbia."

"Zimeondolewa kwenye utafiti, shemeji. Kitaalamu, watoto wako hawakukimbia."

Mumewe akacheka kabla hajajizuia, kwa sauti, mbele ya kaka yake. Kisha akampitishia mkewe bakuli la mchuzi.