Mivule Sitini ya Mwalimu Makarius

Mwalimu Makarius alikuwa na kipaji kimoja ambacho hata mkewe, Costancia, hakukibisha: aliweza kuhubiri saa nzima juu ya jambo ambalo hajalifanya. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa katekista wa kigango, na padre alifika mara moja tu kwa mwezi, hapakuwa na wa kumzuia.

Mwaka ule wa 1975 alihubiri juu ya miti. Kijiji chao cha ujamaa, bondeni huko Tindiga, kilikuwa na mwaka mmoja tu, na kila familia iliyohamishiwa pale ilikata nguzo, fito na kuni mpaka kivuli kikawa cha kuombana. Kanisa nalo lilichoma matofali yake kwa magogo ya mtoni, ila hilo Makarius hakulihubiri. Parokia ikaamua kutubu kwa vitendo: kila kigango kipande miti, maana Mungu alimweka mtu bustanini aitunze, si aimalize. Padre Damiano akaleta miche sitini ya mivule kutoka Kilosa mjini, akamkabidhi Makarius mbele ya waumini. Makarius akajipiga kifua.

Aliipanda kweli, hilo apewe haki yake. Aliipanda nyuma ya kanisa, mistari sita ya kumi kumi, akaimwagilia siku nne. Siku ya tano akaenda msibani Chanzuru, akasahau kuwafunga mbuzi wake. Aliporudi alikuta vijiti.

Angeweza kusema, "Mbuzi wangu." Maneno mawili tu. Lakini Mwinshehe, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa akipita na baiskeli, akauliza kulikoni, na mdomo wa Makarius, uliozoea kumtangulia mwenyewe, ukajibu, "Mifugo, Ndugu Mwenyekiti. Mifugo ya watu."

Hakutaja ng'ombe. Hakumtaja Kitashu. Alijitetea moyoni kwa hilo, na utetezi ule ulimtia aibu kuliko kosa lenyewe, kwa maana alijua fika kijiji kitaelewa nini. Kitashu alikuwa mzee wa Kimasai mwenye boma kando ya mashamba ya mpunga. Alimzidi Makarius kwa miaka ishirini, na bado Makarius hakuwahi kumwamkia. Alijiambia kwamba mtu wa kanisa hamwamkii mtu asiyebatizwa, kanuni ambayo hakuna kanisa lililowahi kuisikia.

Kamati ya kijiji ikatangaza: Jumatatu Kitashu atahamishwa na ng'ombe wake wote. Kiangazi kilikuwa kikali, na majani yalibaki bonde lile tu. Kumhamisha wakati ule kulikuwa sawa na kuwaua ng'ombe. 

Na Jumapili padre alikuwa anakuja kuona miti yake.

Jumamosi Makarius akachukua panga, akashuka mtoni, akaanza kukata matawi ya mikuyu. Siwema, mjane mwenye shamba pale ukingoni, akaacha jembe akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Mikuyu hiyo ndiyo inayoushika ukingo wangu, mto usinile shamba. Matawi unayapeleka wapi?"

"Kanisani, mama. Ni ile kazi yetu ya kutunza miti."

Aliyasikia maneno yake yakitoka, akatamani kuyarudisha. Siwema alilitazama lile panga. "Haya," akasema. "Itunze polepole basi."

Jumapili asubuhi matawi sitini yalikuwa yamechomekwa nyuma ya kanisa, mistari sita ya kumi kumi. Padre Damiano alishuka kwenye pikipiki, akayazunguka.

"Mwalimu, mbona mivule yangu imekuwa mikuyu?"

"Ile ililiwa, Padre. Tukapanda upya, kwa imani."

"Ililiwa na nini?"

"Ng'ombe wa yule," akajibu Mwenyekiti Mwinshehe, aliyekuwa amealikwa kama mgeni. "Kesho anahama."

Kitashu mwenyewe alikuwa amesimama nje ya uwanja wa kanisa, kaegemea fimbo yake. Akaomba ruhusa aingie. Akachuchumaa kwenye vijiti vya mivule vilivyobaki ardhini, akavipapasa kimoja kimoja bila haraka, huku waumini wote wakimkodolea macho.

"Ng'ombe hukamata kwa ulimi, kisha huvuta," alisema. "Mche wa siku tano ungetoka na mizizi yake. Huyu amechuma majani, akamenya ganda, kijiti kikabaki kimesimama. Huyu ni mbuzi. Mimi nina ng'ombe na kondoo. Mbuzi sina."

Hakumtazama mtu. Makarius alisubiri amtaje, aliomba kabisa amtaje, kwani kutajwa kungekuwa rahisi. Mzee hakumtaja.

"Mbuzi wangu," akasema Makarius.

Sauti ilitoka nyembamba, si ile ya mimbarini. Alipokwisha kuanza akaona heri amalize. "Mbuzi wangu, Padre. Niliwaacha bila kamba. Na hii si miti, ni matawi. Nimeyakata jana kwenye ukingo wa Mama Siwema, nipate kukuonyesha tunavyotunza miti."

Wa kwanza kucheka alikuwa Costancia, na alicheka kama mtu aliyengoja miaka mingi. Kanisa zima likamfuata. Padre hakucheka. Alimgeukia Mwenyekiti, na Mwenyekiti akakohoa, akasema ya kesho yamefutwa.

"Mzee," Makarius akamuuliza Kitashu, "ulijua lini?"

"Siku ile ile. Niliona alama za kwato zao, zikienda hadi kwako."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, nani angeamini? Nilikuwa namsubiri mtu anayeaminiwa."

Neno hilo lilimwingia Makarius, likakaa.

Mchana ule waliyang'oa matawi yote, wakayarudisha mtoni, kwa kuwa tawi la mkuyu huota likipata maji. Siwema ndiye aliyeonyesha pa kuchimba, kwa ukali aliostahili kuwa nao. Kitashu akaleta miiba ya kuzungushia, ile ile anayozungushia boma lake. Mvua za masika zilipokuja, ukingo haukubomoka. Yalichipua matawi kumi na saba, na katika taarifa yake kwa parokia Makarius aliandika kumi na saba, ingawa mkono ulimwasha kuandika hamsini.

Siku moja alimkuta Kitashu pale ukingoni, akavua kofia kabla hajamfikia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Mbuzi umewafunga?"

Makarius alifungua kinywa ajibu ndiyo, akakifumba, akageuka kurudi nyumbani kuangalia.