Mbwa Aliyetoka Stavanger

Mbwa Mysa alishushwa kwenye uwanja wa ndege wa Kirkenes, kaskazini kabisa mwa Norwe, ndani ya boksi la plastiki, mwezi wa Novemba, jua likiwa karibu kutoweka mpaka Januari. Torgunn alimfungulia, akampapasa mgongoni, na vidole vyake vikafika kwenye mbavu moja kwa moja.

"Mungu wangu," alisema. "Wamekunyoa?"

Hakuna aliyemnyoa. Ndivyo alivyokuwa: manyoya mepesi, yamelala, na tumboni ngozi ya waridi inaonekana. Ndugu yake Rusk, ambaye walizaliwa siku moja kwa mama mmoja, alikuwa ameachwa nyumbani Pasvik, amejikunja juu ya theluji, mnene kama kondoo. Manyoya yake ya ndani yalikuwa yameshonana hata theluji ikimwangukia mgongoni haiyeyuki.

Rusk ndiye aliyebaki katika kundi lote la mbwa wa Halvard waliovuta sleji, gari la kuteleza thelujini. Halvard, mume wa Torgunn, alifariki Aprili mwaka uliotangulia, na mbwa wake wakachukuliwa na watu mmoja mmoja. Mysa alikuwa ameondoka zamani, akiwa kitoto, pale Eivind, mwana wao wa pekee, alipokwenda naye Stavanger, mji wa kusini, kuishi ghorofani. Sasa Eivind alikuwa ameachana na mwenzake, na nyumba aliyohamia haikuruhusu mbwa.

Jioni alipiga simu.

"Mama, amefika?"

"Amefika. Amefika uchi."

"Uchi vipi?"

"Hana manyoya, Eivind! Mbwa wa baba yako umemlea kwenye kochi mpaka amekuwa kama paka wa mjini."

"Sakafu yetu ilikuwa na joto, Mama. Ulitaka niizime ili atetemeke?"

"Ungemlaza kwenye roshani. Mwili utajuaje kuna baridi, kama hujauonyesha baridi?"

"Sawa," akasema. "Hilo nalo nimeliharibu mimi. Lala salama." Akakata.

Torgunn alibaki ameishika simu. Alikuwa amekusudia kumuuliza kama anakula vizuri, kama analala. Hakupiga tena, na wala Eivind hakupiga.

Basi majira yale ya baridi mmoja akawa ndani na mwingine nje. Mysa alikaa siku nzima dirishani, pua kwenye kioo, akimtazama ndugu yake uani. Akitolewa kwenda haja alirudi mbio, anainua mguu mmoja baada ya mwingine. Rusk naye hakuwahi kuishi chini ya paa la watu. Alisimama nje ya dirisha, akatazama, kisha akaenda kulala. Torgunn aliwapikia wote wawili samaki na mafuta, akala supu yake kwa kusimama. Jirani wa mwisho alikuwa amehamia mjini. Taa pekee iliyoonekana ilikuwa ng'ambo ya mto wa mpakani, upande wa Urusi, na huko hapakuwa na mtu wa kumpungia mkono.

Siku moja ya Januari alikwenda bandani kuchukua kuni, na upepo ukaufungua mlango aliouegesha. Aliporudi nyumba ilikuwa tupu. Baridi ilikuwa ya kupasua midomo. Aliita kando ya mto, akaita barabarani, sauti ikaenda isirudi, na kila alipomulika aliona theluji tu. Ndipo alipokumbuka kibanda cha Rusk. Alipiga magoti akamulika ndani. Rusk alikuwa amelala mlangoni, mgongo kwa upepo, na nyuma yake, amebanwa ukutani kwenye nyasi kavu, Mysa alikuwa anatetemeka. Ncha za masikio zilikuwa zimeganda, nyeupe.

Alimbeba ndani ya koti kama mtoto, akampigia simu Risten.

Risten alikuwa daktari wa mifugo, Msami, wale wenyeji wa asili wa kaskazini, kutoka Karasjok, mwanamke wa vicheko. Siku ile hakucheka mpaka alipomaliza kumpima mbwa.

"Masikio yatapona. Ncha zitadondoka kidogo, lakini haendi kwenye harusi."

"Ni ile nyumba ya Eivind iliyomharibu, si ndiyo?"

"Nyumba ina sehemu yake. Siku zikifupika, mwili wa mbwa unajua, unaanza kuotesha manyoya ya ndani. Baridi ikija inayakoleza. Huyu ameishi chini ya taa mpaka usiku, sakafu ya moto, ananyonyoka mwaka mzima. Hajui Agosti wala Februari."

"Basi nianze kumlaza nje."

"Sasa hivi? Utamuua! Manyoya hayaoti kwa kulazimishwa katikati ya Januari. Ngoja jua lije, lizunguke kiangazi bila kutua, lianze kuondoka. Hapo ndipo umtoe."

Torgunn alingoja. Julai alimhamishia Mysa kwenye kibanda cha Rusk, akamlisha vichwa vya samaki na mafuta mpaka mikono yake mwenyewe ikanuka. Kila asubuhi alimpekua kama mtu anayetafuta chawa. Septemba aliona kitu: shingoni na mapajani vilitokea vinyoya laini kama pamba. Alicheka peke yake uani, akaangalia pembeni kama kuna aliyemsikia.

Lakini Oktoba ikafika, Rusk akavimba kama kila mwaka, na ubavu wa Mysa ukabaki vile vile. Risten alikuja, akayagawanya manyoya kwa vidole.

"Amefika hapo. Haendi mbele zaidi."

"Bado ni Oktoba."

"Torgunn, mama yao alikuwa mbwa gani?"

Torgunn alifikiri. "Tira. Nusu yake ilikuwa mbwa wa kuwinda ndege, wale wa nywele fupi. Halvard alitaka mbwa wenye mbio."

"Basi hapo. Rusk kachukua kwa baba, huyu kachukua kwa mama. Hata angelelewa juu ya barafu tangu azaliwe, angepata hiki unachokiona na kidogo zaidi. Nyumba ya Eivind ilimnyima kilichokuwa chake. Kisichokuwa chake, ungekitoa wapi? Wewe mwenyewe miaka thelathini uko huku, bado unavaa soksi tatu."

"Mimi ni mtu wa Bergen, kule kusini."

"Si ndiyo nasema!"

Jioni ile alimpigia Eivind.

"Mama? Kuna nini?"

"Manyoya ya Mysa. Ni ya mama yake. Nilikulaumu bure. Karibu bure."

Eivind akacheka, akacheka tena. "Nitakuja Krismasi," alisema.

Torgunn alinunua mbavu za kondoo za kuwatosha wawili, akatandika kitanda. Mkesha wa Krismasi dhoruba ikafunga uwanja wa ndege. Eivind alikuwa amekwama njiani, Tromsø.

"Nisamehe, Mama."

"Umeuvumisha wewe huo upepo? Kula chochote hapo, upumzike."

Alipika mbavu zote hata hivyo. Meza ilipokuwa tayari hakuweza kukaa. Akatoka, akamwingiza Mysa, na kwa mara ya kwanza akamwingiza Rusk pia. Mysa alijinyoosha mbele ya jiko. Rusk alizunguka, akahema, ulimi nje, mate yakadondoka sakafuni. Akaenda mlangoni akakwaruza. Alipotolewa, Mysa naye akaanza kulia.

Mbele ya nyumba palikuwa na kibaraza cha mbao na vioo, kisicho na joto la jiko wala upepo wa nje, ambako Halvard alikuwa akitundika kamba za mbwa. Torgunn alibeba kiti chake huko, na sahani. Alivaa koti kubwa, akamvalisha Mysa sweta la Halvard, akamwita Rusk. Rusk aliingia, akanusa hewa, akalala chini bila kuhema. Mysa alikuja akajibana ubavuni mwake.

Torgunn alikula mbavu zikiwa zinapoa, pumzi yake ikionekana. Kisha alivua viatu, akaingiza miguu yake yenye soksi tatu chini ya tumbo la Rusk, na akakaa hapo akisikiliza upepo ukipiga vioo.