Kivuko Mbele ya Ukuta

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtafiti wa mambo ya barabara. Miezi mitatu alikaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo kwenye ukuta wa ghala la magodoro, akihesabu wanaovuka. Alipata watu mia mbili kwa siku. Akaandika makala, manispaa wakaisoma, wakanituma mimi na ndoo ya rangi nyeupe, kwa sababu kazi yangu ni kuchora vivuko.

Nilichora mistari minane iliyonyooka kama rula. Wiki nzima hakuvuka hata kuku.

Nikamfuata nyumbani kwake. "Shemeji, hao watu walikuwa wanavuka kwenda wapi? Pale si ukuta mtupu?"

"Walikuwa wanakuja kwangu," akasema. "Kila mmoja alitaka kujua ninahesabu nini."

"Na wewe ukawaandika?"

"Si walivuka? Na wakirudi niliwaandika tena."

Dada akajifanya anaosha vyombo. Nikamwambia shemeji kwamba rangi ni mali ya umma na jambo hili alirekebishe.

Akalirekebisha. Kesho yake alirudi ukutani na kiti chake, na kufikia saa nne asubuhi watu walikuwa wanavuka kwa makundi, safari hii juu ya mistari yangu. Nilikuwa ng'ambo, naona kila kitu. Uvumilivu ukaniisha, nikavuka kwenda kumpa ukweli wake.

Hakunisalimia. Alisubiri nikanyage ukingo wa barabara upande wake, akaniandika.