Joto la Wening

Jumatatu ya tatu ya mvua za Januari, saa moja na robo asubuhi, Suprihatin alimwambia binti yake Wening, mwenye miaka kumi na mmoja, avue sare iliyolowa avae nyingine. Wening akasema hataki. Mama akarudia. Mtoto akaipiga ndoo teke, akabamiza mlango, kisha akakaa sakafuni amekaza ngumi, na jikoni kukapanda joto hata krupuk za kwenye nyungo tatu, ambazo zilikuwa mbichi tangu Ijumaa, zikakauka kwa robo saa. Suprihatin akazigeuza moja moja. Zilikuwa zimekauka vizuri, hata pembeni.

Mtaa ule wa kando ya mji wa Sidoarjo uliishi kwa krupuk, vitafunwa vya kukaanga. Unga wa muhogo na uduvi, unakandwa, unakatwa vipande, vipande vinaanikwa, ndipo vinauzwa. Mvua ikishika, zinaota ukungu. Rumini, jirani wa ukuta kwa ukuta na mke wa mwenyekiti wa mtaa, alisikia joto kupitia ukutani, akaja na nyungo zake mbili.

"Mama Wening, mtoto anaumwa nini?"

"Homa ya matumbo."

Kule kwao kila ugonjwa usiosemeka huitwa homa ya matumbo. Rumini alijua hivyo, akasema pole, akatafuta pa kuweka nyungo.

Kwenye zahanati, daktari kijana aitwaye Ratri alimwekea Wening kipimajoto, kikapasuka. Akaleta kingine. Kisha akazungumza na mtoto peke yao saa nzima, ndipo akamwita mama.

"Huyu anatakiwa kulazwa, mama. Wiki sita, azungumze na wataalamu kila siku, na wewe uwepo. Wadi ya akili ya watoto iko mjini, ina vitanda vinne kwa mkoa mzima. Kimoja kitakuwa wazi tarehe tano Februari."

"Kwenye barua niandikie homa ya matumbo, daktari."

"Nikiandika hivyo watamtibu matumbo."

Akaandika ukweli: hasira kali, wadi ya akili. Chini palikuwa na nafasi ya saini ya mwenyekiti wa mtaa. Suprihatin alipasoma mara mbili. Mwenyekiti akisaini asubuhi, mkewe Rumini atajua kabla ya chai, na yeye Suprihatin sokoni ataitwa mama wa kichaa. Alipofika nyumbani akaificha barua kwenye kopo la biskuti ambalo, kama makopo yote ya biskuti ya mtaa ule, lilikuwa na krupuk zilizokaangwa, si biskuti. Akajiambia ataipeleka Ijumaa.

Kwao mgonjwa hatembelewi na mtu mmoja, hutembelewa na mtaa. Wakaja wanawake tisa na mikate na machungwa, na kila mmoja na ungo wake. Walisubiri kwa adabu. Wening alipotulia muda mrefu mno, mmoja akakohoa.

"Wening, wenzako wameshafika kwenye hesabu za sehemu. Wewe bado unajumlisha?"

Joto likapanda. Wanawake wakageuza krupuk zao, wakashukuru, wakaacha machungwa mezani.

Kesho yake walirudi, na keshokutwa. Suprihatin angeweza kufunga mlango, lakini hakufunga. Nyungo zake mwenyewe ndizo zilizokaa karibu zaidi na mtoto. Hilo lilimtia haya kuliko yote, na bado kila asubuhi alizipanga palepale.

"Leo wanataka nikasirike saa ngapi?" Wening aliuliza siku moja akisukwa nywele.

"Kula wali wako," akasema mama.

Ijumaa zikapita, tarehe tano nayo ikapita. Tarehe kumi na tatu Daktari Ratri akapiga simu. Kitanda kilikuwa kimepewa mtoto mwingine, na orodha sasa ilikuwa ya mwaka ujao. Suprihatin akasema asante.

Wageni walikuwa wameshakaa. Kwa kuchanganyikiwa, akamwambia Wening awape krupuk za kwenye kopo. Wening akatia mkono, akatoa barua. Akaisoma taratibu, mpaka chini kabisa penye nafasi tupu ya saini.

Suprihatin akasubiri joto. Hakukuja joto lolote.

"Kitanda bado kipo?" Wening akauliza.

"Hakipo, mwanangu."

"Si ungeniambia tu, Mama."

Akaikunja barua, akairudisha, akafunga kopo. Akaenda kukaa mahali pake katikati ya nyungo, mikono mapajani.

"Mbona zimepoa?" Rumini akasema, akibonyeza krupuk kwa kidole. "Wening, zile sehemu umezifikia?"

Wening akatikisa kichwa.

Suprihatin aliona haya. Ilianzia shingoni kama joto, ikapanda masikioni, ikamjaa uso mzima, na ungo alioupakata ukaanza kunukia uduvi. Krupuk zikajikunja pembeni, kama zinavyojikunja zikikauka. Wanawake wakatazama. Rumini akanyanyuka, akaziondoa nyungo zake mbili mbele ya mtoto, akazipanga miguuni pa mama.

"Samahani, Mama Wening," akasema. "Jisogeze kidogo, tuenee wote."

Suprihatin akajisogeza.