Goti la Katerarume

Mzee Mushumbusi wa Kishanda alivunjika goti akiwafundisha wenzake kubeba mkungu wa ndizi. Yeye mwenyewe hakuwa amebeba kitu. Alitembea kinyumenyume mbele yao, akiwaonyesha kwa mikono mahali pa kukanyaga, na mahali pekee ambapo hakupatazama ni pale alipokanyaga yeye. Shina la mgomba lililolowa mvua za Novemba likamwangusha, na pia ya goti la kulia ikapasuka vipande viwili.

Hospitalini Bukoba waliifunga pia ile kwa waya, kazi safi kabisa, wakamrudisha nyumbani na maagizo ya mazoezi. Shida ilianzia hapo, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mke, na kulikuwa na wageni.

Mkewe, Kokubanza, alikuwa amempenda mume huyu miaka mingi bila kupata nafasi ya kumlaza. Sasa aliipata. Alimwekea mto wa sufi chini ya goti, ukakaa pale mchana na usiku. Kila mwanamke aliyekuja kumpa pole alipiga magoti mlangoni, akasalimia, akautazama mto ule kwa heshima, akasema, "Waitu, mzee wetu, pumzika. Usiuguse mguu huo." Wengine waliongeza mto wa pili. Pale Kishanda mgonjwa akionekana anatembeatembea, majirani huanza kuulizana kama hana watu wa kumtunza, na Kokubanza hakutaka kuulizwa.

Kufikia Krismasi goti lilikuwa limeusikia ushauri wa wageni. Lilipumzika moja kwa moja. Halikukunjika, wala halikunyooka.

Lingekuwa goti la mtu mwingine, pengine yangeishia hapo. Lakini Mushumbusi alikuwa katerarume, ndivyo Wahaya wanavyomwita mshenga, yule anayetangulia alfajiri kukung'uta umande njiani ili wengine wapite. Vijana wengi wa Kishanda walikuwa na wake kwa sababu ya ulimi wake. Na ulimi wa katerarume haufanyi kazi peke yake. Hufanya kazi akiwa amepiga magoti mbele ya wazazi wa binti, na hainuki mpaka aambiwe.

Baada ya Pasaka ingekuwa zamu ya Yoeli, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Yoeli alimtaka Hellen, binti wa Onesphory wa Bakoba, mjini Bukoba. Onesphory alikuwa na nyumba ya vigae na televisheni kubwa, lakini alikwisha kutuma neno kwamba kwake posa ni posa ya zamani: magoti chini, maneno ya heshima, kahawa ya kutafuna.

"Usihangaike, kaka," alisema Rutashobya, binamu yake, akiwa amekaa kwenye kiti cha wageni na kula ndizi za mgonjwa. "Nitakwenda mimi. Magoti yangu yote mawili yapo."

"Magoti unayo. Maneno je?"

"Maneno nitayapata hukohuko."

Mushumbusi alifumba macho. Aliyaona maneno ya Rutashobya yakitafutwa mbele ya Onesphory, na Hellen akiolewa na mtu mwingine. Na Yoeli alikuwa amekwisha kumwambia, kwa sauti ya chini, "Baba, nisiposemewa na wewe, nitahisi kama nimekwenda bila mzazi."

Lilikuwapo jambo lingine ambalo hakumwambia mtu. Mushumbusi alikuwa mzee wa kanisa, na tangu ujana hakuwahi kuomba isipokuwa kwa magoti. Sasa aliomba ameketi, mguu mbele kama mpini wa jembe, na kila aliposema Amina alijiona kama mtu aliyemsalimia Mungu bila kunyanyuka kitini.

Hivyo Januari akarudi Bukoba, kwenye chumba cha mazoezi.

Aliyempokea alikuwa mwanamke mwenye umri wa kama miaka thelathini, mfupi, mwenye mikono yenye nguvu, aitwaye Joanitha. Alimshika goti, akalikunja kidogo, akasikiliza kama mtu anayebisha hodi.

"Mzee, goti hili limelala wapi?"

"Juu ya mto."

"Mto wa nani?"

"Wa mke wangu."

"Anakupenda sana," alisema Joanitha. "Mwambie apunguze. Mto uchukue, uuweke chini ya kichwa, ndiko ulikotengenezewa."

Alimkunjia taulo, akaliweka chini ya kisigino, akamwamuru alikandamize goti kuelekea kitandani. Mushumbusi alikandamiza mpaka masikio yakasogea. Goti halikusogea.

"Tunaendelea," alisema Joanitha.

"Mwana wangu, wewe ni wa ukoo gani?" aliuliza Mushumbusi, maana alizoea kumjua mtu kwa babu zake kabla ya kumwachia mguu.

"Hapa hospitalini mimi ni wa ukoo wa magoti. Kandamiza."

Mushumbusi alimwendea kila wiki, na kila wiki alimwuliza ukoo, naye kila wiki akapewa zoezi badala ya jibu. Alipandishwa baiskeli iliyofungwa sakafuni.

"Baiskeli hii inakwenda wapi?"

"Kishanda. Lakini kwa mwendo wako huo tutafika wajukuu zako wamezeeka."

Alijaribu kumdanganya. Siku moja alisema nyumbani amefanya mazoezi yote, asubuhi na jioni, kwa moyo mweupe. Joanitha hakubishana. Aliuminya tu msuli wa paja, ukatikisika kama ugali usioiva.

"Paja linasema hukufanya."

"Paja ni la kwangu, linanisaliti?"

"Linasema kweli kuliko mwenye nalo. Na wewe ni mzee wa kanisa."

Jambo hilo lilimchoma kuliko zoezi lenyewe. Aliporudi Kishanda aliitoa mito yote miwili kitandani, akamwambia mkewe kuanzia leo atakayemhurumia atakuwa amemwibia. Kokubanza alinuna hadi jioni. Kisha akajifunza kukunja taulo, na kwa kuwa alikuwa mwanamke asiyefanya jambo nusunusu, akawa mkali kuliko Joanitha. Wageni walipokuja na kusema pumzika, aliwajibu yeye: "Apumzike, atapumzikia wapi? Kandamiza, Baba Johnson!" Walimwona mumewe akitembea kibanjani asubuhi, wakaulizana kama hana watu wa kumtunza. Kokubanza aliwasikia, akamwongezea mumewe mwendo.

Goti likaanza kukunjika. Kidogo Januari, zaidi Februari. Usiku mwingine liliuma, na Mushumbusi aliomba ameketi, akasema, "Bwana, unisamehe mkao huu. Unaona mwenyewe tunashughulika."

Mwezi Machi Joanitha alitandika godoro jembamba sakafuni.

"Leo tunashuka chini. Unatafuta nini hasa kwenye goti hili, mzee? Kulima?"

"Kupiga magoti. Nina posa ya mwanangu, hapahapa Bakoba. Kwa Onesphory."

Joanitha aligeuka, akalichukua taulo lililokwisha kukunjwa vizuri, akalikunja tena taratibu.

"Onesphory," alisema. "Nasikia dada zake ni wakali."

"Dada zake hawanisumbui. Kazi yangu ni kuwalainisha watu kama hao."

"Haya. Tuone."

Alimwonyesha kwanza yeye mwenyewe. Goti bovu linatangulia kushuka, juu ya kitu laini, mkono ukishika kiti. Mushumbusi alishuka akihema, waya ukamchoma, akabaki amepiga magoti mawili juu ya godoro kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Macho yakamjaa machozi. Joanitha akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na viatu vyake havikuwa na kamba.

"Sasa kuinuka," alisema baada ya muda. "Mguu mzima mbele. Mkono juu ya paja. Inama, pua ivuke goti, halafu sukuma sakafu."

"Kuinuka ninajua, mwana wangu. Nimeinuka maisha yangu yote."

"Uliinuka na magoti mengine. Fanya."

Mushumbusi alikishika kiti kwa mikono miwili, akajivuta juu kama ndoo ya kisimani.

"Hiyo ni kazi ya kiti," alisema Joanitha. "Kiti kimepona. Wewe bado."

"Kazi yangu ni kushuka. Wakwe ndio wanaoinua."

Akacheka kwa maneno yake mwenyewe, maana yalikuwa matamu. Na nyumbani ndivyo alivyofanya mpaka Pasaka. Alishuka vizuri, mara nyingi, akipendeza, na kila mara, Kokubanza akiwa jikoni, yeye aliinuka kwa kujivuta kitandani. Mkewe alikuwa mkali wa kukandamiza. Juu ya kuinuka hakuwa ameambiwa kitu, naye mzee hakuona haja ya kumwambia.

Jumamosi ya posa walifika Bakoba watatu: Mushumbusi mbele na fimbo, Yoeli katika suti iliyomkaza mabega, na Rutashobya na kibuyu cha juisi ya ndizi, maana nyumba zote mbili ni za Kilutheri na pombe ilikuwa imekatazwa. Sebuleni mkeka ulitandikwa juu ya vigae. Onesphory aliketi na wazee wake. Viti vyote vilikuwa vimesogezwa ukutani, mbali.

Mushumbusi aliyaona hayo ya viti, lakini alikwisha kuanza kushuka. Goti bovu kwanza, juu ya kofia yake aliyoiangusha kwa ustadi kama vile imedondoka. Alishuka vizuri mno. Yoeli na Rutashobya walipiga magoti nyuma yake.

"Kasinge, waitu!" alisalimia Mushumbusi kwa Kihaya.

"Kasinge," waliitika wenyeji.

Akaanza. Alisema wametoka Kishanda wakifuata harufu ya nyumba yenye heshima. Alisema wana mche mmoja tu wa kiume, hauna doa, nao unatafuta udongo mzuri wa kupandwa. Wazee walitikisa vichwa. Onesphory alitabasamu kabla ya wakati.

"Tumekusikia, katerarume," alisema. "Maneno yako ni mazuri. Inukeni mkae."

Mushumbusi aliutuma mguu ujumbe. Mguu haukujibu. Alitafuta kiti, hakukuwa na kiti. Aliitafuta fimbo, fimbo ilikuwa imepokewa mlangoni na wenyeji wenye adabu. Alijaribu kidogo, kwa siri, na paja likatikisika ndani ya suruali. Akamwona Joanitha katika mawazo, akaisikia sauti ile: kiti kimepona, wewe bado.

Akamwomba Mungu kimoyomoyo ampe nguvu. Akapewa maneno.

"Waitu," alisema, "kabla sijainuka, sijawaambia habari ya kijana huyu na migomba."

Akawaambia. Mnyauko ulivyoingia Kishanda, Yoeli alivyong'oa migomba iliyougua bila kulia, akapanda upya. Onesphory aliguswa.

"Ni kijana wa kazi. Inukeni, tafadhali."

"Na kabla sijainuka, mama yake."

Akasimulia habari za mama yake Yoeli. Nyuma yake Yoeli alikuwa amekufa ganzi mpaka kiunoni. Rutashobya, mwenye magoti yote mawili, alianza kuhema pumzi ndogondogo.

"Kaka," alinong'ona, "malizia. Magoti yangu yanakufa."

"Si ulisema unayo mawili?" alinong'ona Mushumbusi. "Vumilia na moja." Kisha kwa sauti: "Waitu, nyanya yake naye!"

Wazee wa nyumba walianza kutazamana. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba katika miaka yake yote hajaona unyenyekevu wa namna hii. Wengine huinuka kabla hata hawajaambiwa. Mushumbusi aliwasikia, akahesabu habari zilizobaki. Nyanya alikuwa amebaki na habari chache, na baada ya nyanya kulikuwa na ng'ombe tu.

Pazia la ndani likasogea.

"Sasa shangazi wa binti, shwenkazi wetu, atawapa kahawa," alisema Onesphory. "Ni dada yangu wa mwisho. Asipowakubali yeye, mimi sina la kusema."

Shwenkazi alitoka amevaa kitenge na kilemba, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna mkononi. Alipiga magoti mbele ya Mushumbusi, kama inavyopasa, uso kwa uso.

Alikuwa Joanitha.

Katerarume aliyejua koo zote za Muleba, wilaya yake, ndiyo kwanza akaujua ukoo aliokuwa akiuuliza kila wiki.

"Karibu kahawa, tata," alisema Joanitha kwa sauti ya sebuleni, akimwita baba kwa Kihaya, ameinamisha kichwa. Kisha, chini kabisa ya kilemba: "Hukufanya zoezi la kuinuka."

"Sikufanya."

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Nisamehe. Usimwadhibu mtoto."

Joanitha akamwangalia Yoeli, aliyekuwa amelegea kama shati kwenye kamba na bado hajainuka, kwa sababu baba yake hajainuka.

"Mtoto hana kosa," alinong'ona. "Mguu mzima mbele."

Mushumbusi akausogeza mguu wa kushoto.

"Mkono juu ya paja. Pua ivuke goti. Ninainuka na wewe. Sukuma sakafu, tata."

Akasukuma. Goti lililia, paja likatetemeka, waya ukamkumbusha kila mto aliolalia. Mbele yake Joanitha alikuwa akipanda kwa kipimo hichohicho, kikapu hakitikisiki, na kwa watu waliokaa ukutani ilionekana kama heshima fulani ya kale ambayo wao walikuwa wameisahau: mgeni na shwenkazi wakiinuka pamoja. Mzee mmoja alipiga makofi. Wengine wakafuata.

Mushumbusi alisimama. Akachukua kahawa, akaitafuna ili apate muda wa kupumua.

"Unasemaje, dada?" aliuliza Onesphory.

"Ni watu wanaojua kushuka," alisema Joanitha. "Mengine watajifunza. Nimewakubali."

Vigelegele vikatoka nyuma ya pazia alikokuwa Hellen. Yoeli alijaribu kuinuka kwa furaha, akaanguka juu ya Rutashobya, na ikabidi wote wawili wavutwe.

Walipokwisha kuketi na juisi kumiminwa, Onesphory aliinama karibu. "Katerarume, niambie kweli. Maneno yale marefu ni desturi ya Kishanda?"

Mushumbusi alitazama upande wa pili wa sebule. Joanitha alikuwa akimpa kahawa mzee mwingine, lakini sikio lake lilikuwa huku.

"Hapana, waitu," alisema. Yeye ni mzee wa kanisa. "Nilishindwa kuinuka."

Onesphory alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka juisi ikamwagikia shati. Na Joanitha, bila kugeuka, akasema, "Jumanne, tata. Chumba cha mazoezi. Na kiti nitakificha."