Maji ya Kulia

"Bahari iwe kulia kwako mpaka tufike kwa dada yangu," nilimwambia mjukuu wangu Thoa. Tulikuwa na baiskeli mbili, hema, na keki za mchele za kumbukumbu ya marehemu mama yetu. Jioni hiyo ndugu zetu kwa dada wasingeanza kumbukumbu bila keki hizo.

Mchana tulipiga hema kwenye miti ya mivinje, tukalala. Tulipoamka Thoa akatangulia, maji yakiwa kulia. Tuliendesha mpaka tukamkuta Bi Lụa, muuza tambi aliyetulisha asubuhi.

"Mmerudi? Tambi zangu tamu kiasi hicho?"

Kichwa kilinizunguka. "Thoa, uligeuka?"

"Sikugeuka, Bibi! Maji si hayo hapo, kulia? Labda Bi Lụa ndiye kahama."

"Nihame na masufuria yote haya?"

Nikashuka majini, nikachota kiganja, nikaonja. Chumvi ilikuwa kidogo, kama mchuzi wa mgonjwa. Kumbe lile lilikuwa hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu upande wa pili wa barabara. Bahari ilikuwa kushoto, nyuma ya mivinje.

"Kitendawili, Thoa."

"Tega, lakini upesi!"

"Pacha wawili wananipitisha katikati, sura moja, ladha mbili."

"Hori na bahari. Bibi, keki zinasubiriwa!"

"Basi geuza baiskeli. Na safari hii, onja kwanza."